Mguu Usiotoka

4 Machi, Jumatatu

Mvua imeanza mchana, tukiwa tunashona vitabu vya shule, ikapiga bati mpaka tukawa tunaongea kwa mikono. Nami nimeanza kuandika. Mume wangu anasema sijakaa kitako tangu tangazo libandikwe, na nikimsimulia tena habari za mpira wa meza atahamia kwa mama yake. Basi nitaliambia daftari.

Tangazo lenyewe ni la mashindano ya sehemu za kazi, Jumamosi ya mwisho ya Mei. Kila sehemu ya kazi inapeleka mchezaji mmoja. Wetu atapatikana katikati ya Mei, kwa kushindanishwa.

Kiwanda chetu cha uchapaji hakijawahi kukosa mashindano hayo, wala hakijawahi kushinda. Kila mwaka mtu wetu anatolewa mchezo wa kwanza, hata seti moja hapati. Baba alikwenda enzi zake akarudi anasema taa za kule zinaumiza macho. Siku hizi anakwenda Shemeji, mume wa mdogo wangu, anayeendesha mtambo mkubwa. Yeye anasema meza za kule zinateleza. Hapa kwetu hakuna anayemweza. Mimi ndiye ninayemkaribia, na kwa kumkaribia mtu hupewi kikombe.

Mwaka huu nataka kwenda mimi. Nataka kushinda mchezo mmoja, mmoja tu, mbali na ghala letu, na Baba awe amekaa pale anaona. Nimeshaandika, siwezi tena kujifanya sikusema.

5 Machi, Jumanne

Meza yetu iko kwenye ghala la karatasi. Ukisimama upande huu, kuliani kwako kuna nguzo ya zege. Ukihamia upande wa pili, kuliani kwako kuna ukuta. Katikati panamtosha mtu na kibao chake cha kupigia, basi. Baba ndiye aliyeiingiza meza hiyo humo, alipokuwa fundi mitambo. Amestaafu, anakaa kwa mdogo wangu, lakini kila jioni anakuja na mwavuli wake, anakaa kwenye kigoda karibu na mzani, anafundisha.

Somo lake halijabadilika tangu nikiwa msichana. “Simama. Mguu wa kulia usitoke. Mpira una akili, utakuja wenyewe.” Wote tumelimeza hivyo hivyo.

8 Machi, Ijumaa

Nimefungwa na Shemeji. Ameniuliza kama aniletee leso au taulo zima.

11 Machi, Jumatatu

Idara ya usahihishaji imepata mtu mpya, mwanamke mrefu mwenye miwani, anayepitisha kalamu nyekundu kwenye kurasa zetu bila huruma. Hajamaliza wiki na watu wameshambatiza Nukta, kwa sababu akishasema neno hakuna la kuongeza.

Jioni alikuja ghalani na kibao chake mwenyewe, kimevishwa mfuko wa kitambaa. Huo mfuko tu ulinikera. Akapangiwa na Shemeji. Shemeji akapeleka mpira kulia kabisa, na Nukta akaufuata, hatua mbili fupi za pembeni, akaupiga vizuri ajabu, halafu kiwiko chake kikagonga nguzo. Mlio tuliusikia wote. Tulicheka mpaka mtu wa gundi, yule anayebandika majalada, akakaa chini.

Baba hakucheka. “Pole, mwanangu. Sisi hatuchezi hivyo. Mguu wa kulia hautoki.”

“Kwa nini hautoki?” Nukta aliuliza huku anasugua kiwiko.

“Ndivyo mchezo ulivyo.”

Nukta akamtazama Baba, kisha akaitazama nguzo. Nilimwona mjuaji. Mtu amefika juzi, leo anauliza kwa nini.

14 Machi, Alhamisi

Mvua. Kazi tele. Mgongo unauma, na bado nilikwenda kucheza.

19 Machi, Jumanne

Paa la ghala limetoboka. Maji yanadondoka katikati ya meza, juu ya wavu kabisa, utadhani yalilenga. Karatasi zimefunikwa turubai, meza imebebwa na wanaume wanne wakilalamika njia nzima mpaka kwenye chumba cha nyuma, ulipokuwa mtambo wa zamani kabla haujauzwa. Ni chumba kitupu, kipana, sakafu kavu. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria kuihamishia huko. Meza ilikuwa na mahali pake, na mahali pake palikuwa ghalani.

Baba hakupapenda. Alisema sauti ya mpira inapotea humo. Kigoda chake alikisogeza mara tatu kabla hajakaa.

21 Machi, Alhamisi

Leo nimepangiwa na Nukta kwa mara ya kwanza katika chumba kile kipana. Nilitaka kumwonyesha kazi. Akaanzisha mpira upande wangu wa kushoto, nikarudisha. Akapeleka kulia, nikanyoosha mkono nikaukosa. Kulia tena, nikaukosa. Kulia tena. Hakuwa anapiga kwa nguvu, alikuwa anauweka tu, polepole, kama mtu anayeweka sahani mezani, na mimi nauangalia unapita karibu na vidole vyangu. Nilipandwa na hasira. Nilidhani ananidhihaki.

Akaushika mpira mkononi, akaja upande wangu wa meza, akaongea kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

“Dada, unamkwepa nani?”

“Simkwepi mtu.”

“Kila mpira ukija huku unakunja bega. Unajibana. Kuna nini hapo?”

Nikageuka kuliani. Hapakuwa na kitu. Sakafu tu, na ufagio mbali kule kwenye kona.

Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji. Tangu niko msichana nakunja bega langu kulipisha zege, na leo zege liko chumba cha pili na mimi bado nalipisha. Nikaomba kupumzika, nikaenda kukaa karibu na Baba, nikaanza kuangalia wenzangu. Shemeji alikuja mezani: mpira ukienda kulia, anakunja bega. Mtu wa gundi: anakunja bega. Dereva wa gari la vitabu, ambaye ana tumbo na hahitaji sababu nyingine ya kutotoka, naye anakunja bega. Chumba kizima kinaikwepa nguzo ambayo haipo.

Baba akasimama kumwelekeza mtu wa gundi namna ya kurudisha mpira wa kulia. Akachukua kibao, akaonyesha. Alikunja bega.

Nilifikiria taa zinazoumiza macho. Nilifikiria meza zinazoteleza. Miaka yote hiyo.

Sikumwambia mtu. Nimemkanyaga mume wangu mguu nikipika, nikijaribu kutoka kulia mbele ya jiko.

25 Machi, Jumatatu

Nimemwomba Nukta anifundishe. Nilidhani atajivuna. Alisema tu, “Saa ya chakula, ukishanawa gundi.”

27 Machi, Jumatano

Miguu kwanza, anasema, kibao baadaye. Magoti yalegee, uzito uwe mbele kwenye vidole, kisigino kisikae chini kama kimelipia kiti. Hatua fupi za pembeni, mguu haupiti mbele ya mwenzake. Toka, piga, rudi katikati. Kurudi ndiko kunakonishinda. Nikishapiga nasimama kujitazama kama nimepiga vizuri, na mpira mwingine umeshafika.

Halafu analaza kipande cha jalada kwenye kona ya meza na kuniambia nikigonge. Sio kwa nguvu. “Nguvu unayo, ya kumwaga. Nataka ujue mpira unakwenda wapi kabla haujaondoka.” Sijakigonga.

3 Aprili, Jumatano

Jirani wa chini amegonga dari yake kwa mti wa ufagio. Mume wangu ametoka kibarazani akamwambia, “Samahani jirani, mke wangu anatoka kulia.” Sasa nyumba nzima inaniuliza ninakwenda wapi.

5 Aprili, Ijumaa

Nimefungwa na mtu wa gundi. Sijawahi kufungwa na mtu wa gundi maishani mwangu. Nimetoka kulia vizuri, nikashindwa kurudi, nikatoka tena nilipotakiwa kukaa. Miguu imejua kwamba inaweza kwenda na sasa inakwenda ovyo.

Baba ameniita. “Una nini, mama? Unarukaruka kama uko juu ya makaa.”

“Najaribu kitu, Baba.”

“Kitu gani?”

Nikasema viatu vipya. Nimemdanganya baba yangu kuhusu viatu, katika umri huu.

9 Aprili, Jumanne

Mvua haikati. Nguo hazikauki, watu wanabishana kwa vitu vidogo. Nimeunga kitabu na jalada lake kichwa chini miguu juu, msimamizi akakishika mbele ya watu akaniuliza kama kinasomwa kwa kusimama na kichwa.

Nikikaa naona nimekalia miiba. Nikisimama miguu inaanza yenyewe, toka, rudi, toka, rudi, hata nikiwa natia uzi kwenye sindano.

12 Aprili, Ijumaa

Nimegonga kipande cha jalada! Kisha tena! Nukta ameondoka kwenda kunywa chai bila kusema kitu, nami nimefurahi kuliko ningepigiwa makofi. Nilikosea kumwona mjuaji. Ni mtu asiyejua kupamba neno, basi, na ana subira ambayo mimi sina hata robo.

17 Aprili, Jumatano

Yametokea.

Baba huja jioni. Leo amekuja saa ya chakula, amemletea Shemeji chakula alichosahau nyumbani. Akasikia mpira chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa nimeupa mlango mgongo. Nukta alikuwa ananipelekea kulia, kushoto, kulia, na anasema kwa sauti, “Toka. Rudi. Toka. Huo mguu ulifundishwa vibaya, ufundishe upya. Rudi.”

Nikaona uso wa Nukta umebadilika. Nilipogeuka, Baba alikuwa ameshaanza kuondoka. Nilimfuata mpaka mlango mkubwa. Alikuwa anavuka barabara kwenye mvua, mwavuli ameuacha, na ile sahani ya chakula bado anayo mkononi.

Jioni hakuja. Kigoda kilikaa peke yake, na hakuna aliyethubutu kukisogeza.

18 Aprili, Alhamisi

Shemeji: “Shemeji, mzee hali chakula. Umemfanya nini?” Alianza kwa utani, akamaliza bila utani.

22 Aprili, Jumatatu

Nimekwenda kwake. Mdogo wangu alinifungulia mlango na kunitolea macho, kisha akaenda zake jikoni atusikie vizuri. Baba alikuwa sebuleni, amekaa mbele ya redio iliyozimwa kama anayeisikiliza.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba.”

“Huji kiwandani siku hizi.”

“Mwalimu mnaye. Nije kufanya nini, kufagia?”

Nikakaa. Mikono yangu haikujua pa kwenda. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mazuri, ya heshima, na yote yalinitoroka.

“Baba, tatizo si wewe. Ni nguzo.”

“Nguzo gani?”

“Ya ghalani. Ulitukataza kutoka kulia kwa sababu tungetoka tungeumia. Ulikuwa sahihi. Ila tumekaa nayo mpaka tukasahau kwamba ni nguzo, tukadhani ndiyo sheria ya mchezo. Hata pasipo na nguzo tunaikwepa. Hata wewe, Baba. Nimekuona.”

Jikoni hata sufuria haikulia.

“Watu wote niliowafundisha mle,” akasema, “leo unaniambia nilikuwa nawafundisha nguzo.”

Ningenyamaza hapo. Mtu mwenye akili angenyamaza, angemshika mkono. Mimi ulimi ulinitangulia.

“Na taa za kule, Baba? Zilikuwa na nini hasa?”

Akainuka. Sijawahi kumwona akiinuka haraka namna ile. “Paa la ghala limeshazibwa,” akasema. “Meza irudi mahali pake. Mchujo utachezwa hapo hapo, tuone nani anajua mpira na nani anajua maneno.” Akaingia chumbani. Mdogo wangu akatoka jikoni na kuniambia, “Umeridhika?”

Sikuridhika. Nimerudi kwa miguu, nimelowa mpaka ndani, na ninachojua ni kwamba nilisema kweli na ningetoa chochote niirudishe mdomoni.

24 Aprili, Jumatano

Meza imerudishwa ghalani. Msimamizi anamheshimu Baba, aliambiwa neno moja tu akatoa watu wa kubeba. Nukta amesema, “Sakafu bado tunayo,” na sasa tunafanya mazoezi chumba cha nyuma bila meza, anarusha mpira kwa mkono na mimi naufuata. Tunafanana na vichaa wawili.

30 Aprili, Jumanne

Baba amerudi kwenye kigoda chake. Ananijibu salamu. Hanielekezi. Anawaelekeza wengine wote, kwa sauti ya juu kidogo kuliko zamani.

7 Mei, Jumanne

Nikicheza ghalani nakwama. Nikisema nitasimama kama zamani, mguu unatoka wenyewe. Nikitoka, nakumbuka nguzo katikati ya hatua, na mpira unapita wakati nashauriana na mwili wangu. Siwezi tena ya zamani na siwezi bado ya sasa. Mchujo ni wiki ijayo.

13 Mei, Jumatatu

Nimegombana na mume wangu kwa sababu ya kijiko. Amesema, “Wiki hii ipite tu, tafadhali.”

15 Mei, Jumatano

Mchujo. Nitauandika wote hata kama unaniuma.

Kiwanda kizima kilikuja, wengine wamekaa juu ya marobota ya karatasi. Mvua ilikuwa kubwa. Waliotangulia walitoka mmoja mmoja, kama kila mwaka, tukabaki mimi na Shemeji. Baba alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya fimbo ya mwavuli.

Seti ya kwanza niliichukua. Nilikuwa upande wa ukuta, nikacheza kushoto na katikati, niliuweka mpira ninapotaka, hata Shemeji alipiga mluzi. Kulia hakunipeleka sana. Nadhani hakuamini. Tukabadilishana, nikaenda upande wa nguzo, na hapo alianza kunipeleka kulia. Mpira wa kwanza nilisita, ukapita. Wa pili nikasita. Wa tatu nikajiambia potelea mbali, nikatoka, kwa miguu yote niliyofundishwa, hatua mbili safi, na kiwiko changu kikaenda moja kwa moja kwenye zege.

Walicheka. Ni kicheko kile kile tulichompa Nukta, nilikijua, mimi mwenyewe nilikuwemo. Shemeji ndiye aliyeacha kucheka mapema. “Shemeji, upo sawa? Tuache?” Nikasema tucheze. Tulicheza. Mkono ulikuwa umekufa ganzi, na kila mpira wa kulia niliuangalia ukipita.

Baba aliuinua mkono wa Shemeji. Hakunitazama. Nilikirusha kibao changu kwenye pipa la mabaki ya karatasi, nikatoka nje kwenye mvua nikalia, kwa hasira, na kwa aibu, na kwa sababu nilikuwa naitaka ile nafasi kupita nilivyowahi kumwambia mtu yeyote.

Nukta alinifuata na mwavuli. Hakusema pole.

“Ulitoka,” akasema.

“Nimepigwa.”

“Umepigwa, ndiyo. Lakini ulitoka hata pale pasipotokeka. Ukiwa na nafasi, nani atakuzuia?”

Nikamwambia nafasi ndiyo imekwenda kwa Shemeji. Akausogeza mwavuli upande wangu.

16 Mei, Alhamisi

Kiwiko kimevimba. Nimefunga vitabu kwa mkono mmoja na kumnunia kila mtu.

20 Mei, Jumatatu

Shemeji alikuja kwenye meza yangu ya kushonea, saa ya chakula, akaangalia nyuma kwanza.

“Shemeji. Ile miguu yako. Hebu nielekeze kidogo.”

“Kamuulize mzee.”

“Mzee nitamuulizaje? Nakaa naye nyumba moja. Kila mwaka kule wananipeleka kulia na mimi sijui nafanyaje. Nimesema meza zinateleza mpaka nimechoka kusema.”

Sijawahi kumsikia akiongea hivyo. Na mimi, badala ya kuinuka, nilivuta uzi nikauma ncha yake nikasema, “Umeshinda, shemeji. Aliyeshinda hafundishwi.” Akaondoka. Nilifurahi kwa muda wa kushona kitabu kimoja, basi.

23 Mei, Alhamisi

Nimemtafuta nimwonyeshe. Amepewa siku mbili za kupumzika kabla ya mashindano. Nyumbani kwake siendi, Baba yuko.

25 Mei, Jumamosi

Mvua imekatika asubuhi, ghafla, na jua lilikuwa kali mpaka barabara zinafuka. Tulikwenda wote kwa gari la vitabu. Baba alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa nyuma na Nukta, na mdogo wangu ambaye alikuwa haongei na mimi.

Ukumbi ni mkubwa. Kila meza ina uwanja wake wa kukimbilia. Kabla watu hawajaanza niliipapasa meza kwa kiganja. Haitelezi. Nilipoinua kichwa nilimwona Baba amesimama katikati ya ukumbi anaziangalia taa. Aliziangalia muda mrefu. Zilikuwa taa za kawaida, hata hazikuwa kali.

Shemeji alipangiwa na kijana wa benki. Tulikaa benchi la mbele, Baba pembeni yangu kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine. Seti ya kwanza ilikwisha kabla sijapata pumzi. Kulia, Shemeji anakunja bega, pointi. Kulia, bega, pointi. Kijana wa benki hakuwa na kitu cha ajabu. Mtu yeyote angeona baada ya mipira mitatu kwamba mtu wetu ana upande mmoja tu. Nilitaka kupiga kelele, nikakumbuka nilivyomjibu Jumatatu, nikaona sina uso wa kumwelekeza.

Seti ya pili ikaanza vile vile. Hapo nikasikia kitu kinakwaruza chini. Nikaangalia. Kiatu cha kulia cha Baba. Kila mpira ulipokwenda kulia, mguu wake ulitoka kidogo sakafuni, ukarudi. Macho yake yalikuwa kwa Shemeji na nadhani hakujua anafanya hivyo. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso.

Kisha akasimama. Mbele ya watu wote wale, mzee mwenye mwavuli siku ya jua, akapaza sauti.

“Toka! Toka kulia, mwanangu! Hakuna nguzo hapo!”

Ukumbi ukageuka. Watu wakaanza kucheka, hawakujua ni nguzo gani. Mwamuzi akanyoosha kidole kumwonya. Baba hakukaa. “Nilikosea mimi!” akasema. “Toka!”

Shemeji alishusha kibao. Akageuza shingo akatazama kuliani kwake, kweli kweli, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Mpira uliofuata ulikwenda huko, na akatoka. Hatua yenyewe ilikuwa mbaya, miguu ilipishana nusura aanguke, lakini aliufikia, na kijana wa benki hakuutegemea. Akatoka tena. Seti ile aliichukua. Benchi zima tuliinuka, dereva alinikumbatia, mdogo wangu alinikumbatia akasahau kwamba amenuna.

Halafu akafungwa. Alijua kutoka lakini hakujua kurudi katikati, na kijana wa benki akaligundua hilo, akawa anampeleka kulia na kummalizia kushoto. Hilo la kurudi ningemfundisha Jumatatu. Lingemchukua saa moja ya chakula.

Nilimfuata nikamwambia hivyo. Alikuwa amejifunika taulo kichwani. “Utanifundisha Jumatatu ijayo,” akasema. “Na mchujo wa mwakani hauchezwi ghalani, hata kama nitaing'oa meza peke yangu. Nataka nikufunge mahali ambapo hutasingizia kiwiko.”

Watu walipoanza kutoka kwenda kwenye gari, Baba hakutoka. Nilirudi kumwita. Ukumbi ulikuwa umebaki mtupu, meza zinakunjwa moja moja. Amesimama kwenye meza ya mwisho, koti amelivua na kulikunja vizuri juu ya benchi, na amekishika kibao cha Shemeji.

“Taa hazina kitu,” akasema.

“Hazina, Baba.”

“Nilimsema mtu wa taa mpaka kwa meneja wao. Mwaka ule. Maskini.” Akavuta pumzi. “Nirushie kulia.”

Nikachukua kapu la mipira, nikamrushia. Alikunja bega, ukapita. Nikamrushia mwingine. Bega. Nilifungua mdomo mara mbili nikaufunga, maana aliyesimama pale alikuwa baba yangu.

“Sema,” akanigombeza. “Mwenzio anasema, nilimsikia mlangoni. Wewe unanionea haya?”

“Magoti, Baba,” nikasema. “Legeza magoti.”

Akalegeza. Yakalia. Nikamrushia kulia, na mguu wake ukatoka, hatua moja fupi, nzito, ya mtu anayeshuka ngazi asizozijua. Mpira aliukosa. Akasimama pale pale alipofika, mbali kabisa na alipokuwa, anakitazama kiatu chake.

Msimamizi wa ukumbi akaja anachezesha funguo, akauliza kama mzee amemaliza.

“Amalize nini?” Baba akasema, bila kugeuka. “Ndiyo kwanza naanza.”

Nikamwambia arudi katikati, akarudi, nikarusha.